Naomba ushauri: kodi na bakshishi mgahawani New York

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Mwezi ujao mimi na mama watoto tunaenda New York kwa shemeji, siku kumi. Viza na tiketi tayari, kinachonitoa jasho ni kula.

Huku nikiagiza ugali na mgebuka, bei niliyotajiwa ndiyo ninayolipa. Nikimwachia dada chenji, anashukuru mpaka naona haya. Kule naambiwa bei ya kwenye menyu haina kodi: juu yake inakuja asilimia 8.875, halafu mhudumu anategemea asilimia 18 hadi 20. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya luku, chakula cha dola 40 kinapita 51!

Mliofika huko, bakshishi mnaipiga kwenye bei kabla ya kodi au baada? Kahawa ya kaunta, wakinigeuzia kile kimashine cha kulipia kinachouliza bakshishi nikabonyeza sifuri, ni aibu? Na kama huduma imeshaingizwa kwenye bili, imeandikwa wapi nisije nikalipa mara mbili?

Mama watoto anataka tubebe dagaa. Mimi naogopa ile harufu pale forodhani.