Chanjo ya VVU: tuige safari ya mwili au tuikatishe?

Mchokoza mada: Wakuu, tunaambiwa chanjo itaufundisha mwili kutengeneza kingamwili pana, zile zinazozima virusi vya koo nyingi. Mwili wenyewe, kirusi kikiwa ndani usiku na mchana, kwa kawaida huchukua miaka miwili mitatu, na wanaofaulu ni wachache. Sindano nne zitaweza wapi? Tudungwe kingamwili iliyokwisha kutengenezwa, basi.

Seli_B: Imejaribiwa, mkuu. Matokeo ya majaribio ya AMP yalitoka 2021: watu walipewa VRC01, kingamwili pana mojawapo, kwa dripu kila wiki 8, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa jumla haikuzuia maambukizi. Ilikinga kwa takriban 75% dhidi ya virusi vile tu ambavyo VRC01 huvizima kwa urahisi, navyo vilikuwa kama 30% ya vilivyokuwa vikizunguka. Kingamwili moja haitoshi.

Mchokoza mada: Sawa, basi tatu kwa pamoja. Bado ni rahisi kuliko kuiga miaka mitatu.

Tezi: Miaka si sharti, mzee. Kinachohitajika ni mpangilio. Ndani ya tezi za limfu seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hubadili jeni za kingamwili zake ovyo. Inayomshika adui vizuri hupewa uhai na seli T saidizi, nyingine hufa. Kirusi kikikwepa, duru huanza upya. Angalia sukari iliyo nafasi ya 332 kwenye ganda la kirusi. Kwa wagonjwa wawili wa Afrika Kusini, kirusi kilichowaambukiza hakikuwa nayo; kiliivaa ndani ya miezi 6 kikikimbia kingamwili za mwanzo, na sukari hiyohiyo ikawa shabaha ya kingamwili pana. Mgonjwa CAP256 wa KwaZulu-Natal aliambukizwa tena karibu wiki ya 15, na kirusi hicho cha pili ndicho kilichoamsha seli mama, yaani seli B ya kwanza ya ukoo wa kingamwili pana. Kingamwili ya seli hiyo ilizaliwa tayari na kidole, yaani ncha iliyochomoza, cha asidi amino 35, kirefu cha kupenya katikati ya sukari.

Na watoto wachanga wa Nairobi walioambukizwa VVU? Baadhi walipata kingamwili pana ndani ya mwaka mmoja hivi, na kingamwili BF520.1 ya mmoja wao ina mabadiliko machache tu.

(Asije mtu akaacha ARV akingoja kingamwili. Kirusi kilichomo mwilini mwake huwa kimeshazikwepa.)

Seli_B: Ndiyo maana jaribio la chanjo la G001 lilianza na seli mama: washiriki 35 kati ya 36 waliopewa chanjo walizalisha mababu wa kingamwili za aina ya VRC01.

Mchokoza mada: Mababu! Hawazimi kirusi cha mtaani. Nionyesheni protini ya sindano ya pili na ya tatu itakayowakomaza.