Kikundi cha Ukoo: Idi anaharisha damu

Mama Idi, saa 1:12 asubuhi: Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Idi anaharisha tangu jana mchana, na alfajiri hii nimeona damu na kamasi kwenye nepi. Ana homa, na kila akienda choo anajikamua huku akilia. Nina metronidazoli ya maji iliyobaki ya kaka yake, je, nimpe?

Bibi, saa 1:15: Marahaba, mwanangu, pole sana. Si meno hayo? Mtoto wa miaka miwili ndiyo kwanza magego yanatoka.

Shangazi Zuhura, saa 1:21: Shikamoo, mama. Meno hayaleti damu chooni. Mama Idi, dawa hiyo irudishe kabatini, au bora uitupe kabisa. Metronidazoli huua vimelea vya amiba na giadia, lakini kuhara damu kwa watoto wa umri wake mara nyingi huletwa na bakteria wa Shigela, ambao dawa hiyo haiwagusi. Anakunywa? Macho yameingia ndani? Mfinye ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha uiachie utazame inavyorudi.

Mama Idi, saa 1:26: Anakunywa kwa pupa, ukimwondolea kikombe analia. Macho yameingia kidogo, na ngozi hairudi upesi kama yangu. Kliniki ya mwezi uliopita alikuwa kilo 11.

Shangazi Zuhura, saa 1:30: Basi ameanza kupungukiwa maji. Koroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye maji safi kama ilivyoandikwa. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo katika saa 4, yaani 825 kwake: robo tatu ya lita na kikombe kimoja cha kahawa juu yake. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee taratibu. Usikae nyumbani kungoja saa hizo ziishe, kwa kuwa damu peke yake inatosha kumpeleka kituo cha afya sasa hivi, naye aendelee kunywa njiani.

Baba Salum, saa 1:38: Dada, mwaka jana Salum aliharisha siku tatu na wewe ukatukataza kumnunulia antibiotiki. Leo imekuwaje?

Shangazi Zuhura, saa 1:47: Salum alitoa maji matupu bila damu, na kuharisha kwa namna hiyo mara nyingi ni kwa virusi. Hata wakiwa ni bakteria, kama Kampilobakta wa kuku asiyeiva au Salmonela, mtoto mwenye afya njema kwa kawaida hupona kwa ORS, zinki na chakula chake cha siku zote. Tena wa Salmonela akipewa antibiotiki anaweza kuendelea kutoa bakteria hao chooni kwa muda mrefu zaidi. Damu ndiyo inayobadilisha uamuzi, kwani Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuhara damu kutibiwe kama Shigela, kwa siprofloksasini ya siku 3, na kipimo watakikadiria wao kituoni kwa uzito wa Idi. Zinki ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza. Ila muuza duka akikupa loperamidi ya kufunga tumbo, usiipokee, si dawa ya mtoto.

Bibi, saa 1:52: Jana nimemlisha kwa mkono huu huu, kisha nikakanda maandazi.

Shangazi Zuhura, saa 1:54: Kama hukunawa, mama, maandazi hayo naomba yasigawiwe. Shigela 10 hadi 100 tu wanatosha kumwangusha mtu.

Mama Idi, saa 5:40 asubuhi: Tumetoka. Wamechukua choo kwenda maabara, amepewa dozi ya kwanza palepale, na tumeambiwa turudi baada ya siku 2 iwapo damu haitapungua, au mara moja akishindwa kunywa. ORS imebaki kikombe cha kahawa, na mwenyewe anakidai.