Wagonjwa wakirundikana mtaa mmoja: tuamini macho au hesabu?

Kipimapembe: Swali dogo tu wakuu. Mtaa mmoja una wagonjwa saba wa saratani, wataalamu wamekuja na kompyuta yao, wakapiga hesabu wee, jibu eti "imetokea tu". Mnakubali?

Dada Takwimu: Inategemea mpaka ulichorwa lini. Ukingoja wagonjwa watokee ndo uwazungushie duara, umepiga risasi ukutani kwanza halafu ukachora shabaha kwenye tundu. Chukua mitaa 1000 isiyo na tatizo lolote, ipime kwa kile kizingiti cha wataalamu cha asilimia 5, yaani unakubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, kama 50 hivi itakupigia kelele bure. Shida watu mnahesabu kwa vidole.

Bwana Mkali: Vidole?? Daktari John Snow 1854 kule London alikuwa na kompyuta gani? Kafuatilia vifo vya kipindupindu, kaona vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street, mpini wa pampu ukang'olewa, ugonjwa kwisha, ramani akaichora baadaye. Vidole hivyohivyo dada.

Mpitanjia: Ugonjwa ulishaanza kushuka kabla ya mpini kung'olewa, watu walikuwa wameshakimbia. Hiyo hadithi mnaitia chumvi.

Bwana Mkali: Kwa hiyo Snow alikosea? Sema wazi usizunguke.

Mpitanjia: Nani kasema alikosea? Soma taratibu kaka, nimesema mpini.

Mama Wawili: Halafu ramani peke yake isingetosha. Kuna mjane wa Hampstead, mbali kabisa na pampu, alikuwa anaagizia maji yale sababu anapenda ladha yake. Akafa. Na kiwanda cha bia kilikuwa palepale karibu na pampu, wafanyakazi 70 na zaidi, hakufa hata mmoja, walikuwa wanapewa bia.

Bwana Mkali: Haya, sasa tumefika pazuri 😂

Mpitanjia: Mkali leo kapata dawa.

Dada Takwimu: Naomba nimalizie jamani. Njia ya mtakwimu Kulldorff ya 1997 haichagui mtaa, inatembeza duara ramani nzima, likubwa, lidogo, kila mahali, ikilinganisha na idadi ya wakazi. Kisha kompyuta inawatawanya wagonjwa upya kibahati, tuseme mara 999, kila mara inachukua lile duara lililozidi yote. Lako likishindwa kuyapita karibu yote hayo, hauna ushahidi. Na sijamtukana mtu.

Bwana Mkali: Umetukana vidole vyangu.

Mama Wawili: Kipimapembe, hao saba ni saratani moja au mchanganyiko?

Kipimapembe: Mchanganyiko. Titi watatu, mapafu wawili, waliobaki sijauliza. Kwani inabadilisha kitu?

Dada Takwimu: 🤦🏾‍♀️ Saratani tofauti, mara nyingi vyanzo tofauti.