Shujaa wako wa muziki akigeuka kuwa mwalimu wako, unamshukuruje?

tarumbeta_temeke
Habari za humu wakuu. Mimi napuliza tarumbeta kwenye shughuli za harusi, wale mnaowaona juu ya kirikuu wanapita na foleni ya magari nyuma ndo sisi. Sasa kuna mzee alikuwa anapuliza kwenye bendi kubwa ya dansi enzi hizo, nimekua nasikia tarumbeta lake kwenye redio ya baba bila kuijua hata sura yake, halafu miaka sita iliyopita nakutana naye msibani mtaa wa pili kakaa kwenye benchi anakunywa chai. Nikamwamkia shikamoo mzee, na mimi napuliza. Akasema marahaba, lete nisikie. Msibani jamani! Nikamwambia hapa haiwezekani, akasema basi kesho asubuhi.

Kesho yake hata wimbo mmoja sikumaliza. Alininyang'anya tarumbeta akaliweka mezani, akaniinua mdomo wa juu kwa kidole kama daktari wa meno, akanipa kioo nione ile alama nyekundu. Akasema wewe hupulizi, unajigandamiza. Mwezi mzima nikapiga noti moja tu ndefu, chombo nimekishika kwa vidole viwili ili nisipate nguvu ya kukibana mdomoni, majirani wakadhani nimechanganyikiwa. Leo napuliza saa tano mfululizo na mdomo hauumi.

Hela hapokei kabisa, nikimpa anamwita mjukuu wake anampa akanunue daftari. Na sasa meno ya mbele yameisha, hapulizi tena. Juzi nikasoma kuhusu Clark Terry, mpuliza tarumbeta wa jazz wa Marekani, alivyomfundisha Quincy Jones, yule mtayarishaji wa muziki wa Michael Jackson, nikajisikia vibaya kweli maana mimi mzee wangu sijamrudishia kitu. Nyie waliowashika mkono mliwarudishia nini?

noti_ya_bluu
Mkuu umegusa penyewe, Clark Terry ndo mtu wangu. Huyo mzee alizaliwa St. Louis 1920, kwao hali ngumu, tarumbeta lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe kwa mpira wa kumwagilia bustani na funeli, kelele zilivyowashinda majirani wakachanga wakamnunulia la kweli. Akaenda kwa mpulizaji mmoja mkubwa kiumri kumuuliza sauti inakuwaje nzuri, yule akamwambia kaa mbele ya kioo, kaza meno, chezesha sikio la kushoto. Na dogo akaenda kufanya!! Alipokuja kugundua ni roho mbaya tu akaapa yeye hatamficha mtu kitu.

Ila na yeye si malaika, Miles Davis, naye mpuliza tarumbeta mkubwa wa jazz, amesimulia kwamba akiwa bado mwanafunzi alimfuata kumuuliza mambo ya tarumbeta, Clark akampotezea maana macho yalikuwa kwa mabinti. Baadaye Miles akamkumbusha, wakacheka, wakawa ndugu.

Sasa ya Quincy ndo inakuhusu. Clark alikuwa kapita Seattle na bendi ya Count Basie, dogo Quincy anaishi huko; anapiga usiku kucha, dogo anamgongea alfajiri kabla ya kwenda shule na anafunguliwa. Fikiria umerudi kwenye shoo saa tisa usiku halafu mtoto wa watu anagonga saa kumi na mbili. Mwaka 1959 Quincy anaunda bendi yake ya kwenda Ulaya, nani anaacha kiti kwenye bendi kubwa ya Duke Ellington kwenda kumpigia? Clark! Mwanafunzi kamwajiri mwalimu. Kwangu mimi hiyo ndo shukrani, unamwambia mzee bado nakuhitaji kazini.

MamaKinanda
noti_ya_bluu umeeleza vizuri ila mwisho wake umeuacha. Clark uzeeni kisukari kilimla, macho yakapungua, miguu ikakatwa, na bado wanafunzi walikuwa wanajaa chumbani kwake kule Pine Bluff, Arkansas. Mmoja ni Justin Kauflin, mpiga piano asiyeona kabisa tangu ana miaka 11. Kuna filamu yao ya 2014, mzee yuko kitandani usiku, anamtamkia yule kijana vipande vya muziki kwa mdomo tu, du-dl du-dl, silabi kwa silabi, mpaka vidole vimpate. Tarumbeta hakuna hapo, piano ndo inajifunza kwa ulimi wa mpuliza tarumbeta. Nililia mie. Siku moja Quincy kaja kumsalimia mzee wake akamkuta Justin yupo, akamsikia, akaja kumchukua kwenye ziara zake. Clark akafariki Februari 2015 na miaka 94.

Kwa hiyo mdogo wangu, hizo hela mwachie mjukuu anunue daftari. Huyo mzee meno hana lakini masikio si anayo? Mpelekee rekodi za shoo zako akutukane vizuri.

mzee_wa_zilipendwa
Vijana mnisamehe naingilia, ila nyie mkisema jazz mnawaza Marekani tu. Sisi tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, na ilikuwa dansi tupu, neno jazz maana yake bendi basi. Ila tarumbeta za mule ndani zilikuwa moto, huyo mzee wako namhisi ni nani sitamtaja.

Nakuongezea Hugh Masekela, mpuliza tarumbeta wa Afrika Kusini. Tarumbeta la kwanza alipewa na padri wa shule, Huddleston, halafu Louis Armstrong mwenyewe, nguli wa tarumbeta, akaitumia bendi ya shule yao la kwake kutoka Marekani, kuna picha Masekela karuka nalo juu utadhani ana mabawa. Armstrong wala hakuwa amemwona huyo mtoto.

hana_haya
Mnazunguka sana. Mtu kapoteza meno ya mbele, ni mpuliza tarumbeta, mnampelekea rekodi?? Mnunulieni meno.

MamaKinanda
@hana_haya 😂😂 leo umesema neno. Ila aulizwe kwanza, wazee wana heshima zao.

noti_ya_bluu
Na akishayapata asikurupuke, mdomo unajifunza upya kabisa, aanze na noti ndefu kama mwanafunzi.

tarumbeta_temeke
Wakuu nimerudi. Nilimuuliza leo kwa simu kwa kuzungukazunguka, mzee meno ya bandia ukipewa utayavaa? Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema nyama choma nimeimisi lakini wewe najua unataka nini. Nikacheka, naye akacheka. Hajakubali, hajakataa. Wenzangu wa kwenye bendi nimewaambia, tumeanza kuchanga, kila shughuli tunatoa kidogo.

Jumanne naenda kama kawaida, ila safari hii nabeba matarumbeta mawili.

hana_haya
Namba ya mchango weka PM mkuu, wala sitanii.