Naomba ushauri: nataka kujifunza kuzamia Malta mwezi wa tisa, na kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha

BintiWaPipa
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi nimekulia Dodoma. Maji mengi niliyowahi kuyaingia utotoni ni ya pipa la uani, tena nilikuwa natafuta kikombe kilichozama. Sasa naishi Leipzig, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wenzangu wawili wa zamu ya usiku wamenivuta twende Malta siku kumi mwezi wa tisa. Wao wana vyeti vya kuzamia. Nikaropoka kwamba na mimi nitajifunza hukohuko. Nauli imelipwa, hoteli imelipwa, sasa nafsi imeanza kunisuta.

Kuogelea najua kidogo, ile ya kupigapiga maji mpaka nifike ukingoni. Nikizamisha uso tu, moyo unaenda mbio. Nimesuka rasta. Na sikio la kushoto huziba kila ndege ikianza kushuka. Nijaribu, au nikae ufukweni niwalindie pochi zao?

Zege_Halilali
Dada, Ulaya ulishazamia, sasa unataka kuzamia tena? Safari hii angalau una mtungi.

MtuWaForodhani
Mleta mada, huyo mwache acheke. Mimi nimezaliwa Mombasa, bahari naisikia kitandani, na kuzamia nikaenda kujifunzia Gozo, kisiwa kimojawapo cha Malta. Kwa hiyo usione haya ya Dodoma.

Kozi ya kwanza ina nadharia, mazoezi kwenye maji yaliyotulia, halafu mizamio minne baharini. Ukimaliza unaruhusiwa kushuka mpaka mita 18. Kabla ya cheti lazima uogelee mita 200 bila kusimama, mtindo wowote na mwendo wowote, kisha uelee dakika kumi. Kwa hiyo kupigapiga kwako si tatizo mradi kukufikishe mita 200. Mimi niliogelea kama kobe na hakuna aliyeninunia.

Kosa langu lilikuwa kufanya kila kitu kisiwani. Siku mbili nzima za likizo nilikaa darasani kutazama video huku jua linawaka nje. Wewe maliza nadharia na bwawa hapohapo Leipzig, uombe karatasi ya kuonyesha umefika wapi, halafu Malta ubakize ile mizamio minne tu. Vyuo vingi vinakubali, ila waandikie mapema.

Bahari ya mwezi wa tisa ni nzuri, kama nyuzi 25, imepashwa na kiangazi kizima. Mwezi wa pili inashuka mpaka 15 hivi, huko mimi simo. Na maji ni maangavu mno, kwa sababu visiwa vile ni mwamba mtupu na havina mito ya kumwaga tope. Kuna ghuba moja nyembamba Gozo, Mġarr ix-Xini, imekingwa na majabali pande mbili. Wanafunzi wengi hupelekwa pale. Unaingia kwa miguu kutoka ufukweni, hakuna kurushwa toka botini.

Halafu lugha yao! Bahari wanaita *baħar*, sita ni *sitta*, saba ni *sebgħa*. Mwalimu alipohesabu mitungi nilidhani ananitania.

Kaskazi77
Nafundisha kuzamia Nungwi, nijibu hayo ya masikio na hofu.

Ukishuka mita 10 tu, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Ndiyo maana sikio linauma. Dawa yake: bana pua, puliza taratibu, usikie "tik" ndani ya sikio. Fanya hivyo tangu nusu mita ya kwanza, rudia kila mita, USINGOJE maumivu. Likigoma, panda kidogo, jaribu tena. Huyo wa kuziba kwenye ndege nimemfundisha mara nyingi. Mara nyingi shida ni kwamba alikuwa akisubiri mpaka liume. Lakini nenda kwa daktari wa masikio kabla ya safari. Utajaza fomu ya afya, na ukijibu ndiyo kwenye pumu, moyo au sikio lililofanyiwa upasuaji, watataka saini ya daktari. Bora uipate nyumbani kuliko kuanza kuitafuta ukiwa likizoni.

Kanuni kubwa kuliko zote: usibane pumzi. Pumua muda wote. Puto lililojazwa hewa mita 10 chini linakuwa mara mbili likifika juu, na pafu lako ni hivyohivyo ukipanda umefunga koo.

Hofu ya uso: anza leo. Chukua beseni, tia maji, ingiza uso, toa mapovu kwa mdomo ukihesabu mpaka kumi. Kwenye kozi utaambiwa ujaze miwani maji kwa makusudi. Unabana fremu juu kwenye paji, unainua uso kidogo, unapuliza kwa PUA, maji yanatokea chini. Hapo ndipo watu wengi wanapokimbilia juu. Aliyezoea beseni hakimbii.

Rasta hazina neno. Zifunge nyuma, chini ya kisogo, na hakikisha hakuna hata uzi mmoja umepita chini ya ukingo wa miwani. Uzi mmoja unavujisha kikombe kizima.

Mkwezi_Mstaafu
Naongeza la kwangu. Nilizamia kisiwa kingine cha Mediterania, chuo sikitaji, nikiwa na mafua. Nikameza dawa ya kufungua pua. Mwalimu alikuwa na watu wanane na haraka zake, aliponiona nashika sikio akaniashiria nishuke tu. Nikashuka. Kiwambo cha sikio kikapasuka, dunia ikazunguka, wiki sita sikuruhusiwa hata kuoga kichwa vizuri. Uliza kabla hujalipa: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Mimi sasa zaidi ya wanne siingii. Na ukiwa na mafua, lala.

MtuWaForodhani
Pole sana mzee. Jambo jingine ni ndege. Mzamio wa mwisho uwe saa 18 kabla ya kuruka, mimi naacha siku nzima. Siku hiyo nendeni Dwejra mkaone pale lilipokuwa lile dirisha la mwamba lililoporomoka tarehe 8 Machi 2017. Mawe yake sasa wanayatembelea wazamiaji, na pembeni kuna shimo la buluu wanaloshukia. Wenzako watataka kukuvuta huko au kwenye meli zilizozamishwa Ċirkewwa. Waambie watangulie, wewe bado.

BintiWaPipa
Asanteni sana, nyote. Miadi ya daktari wa masikio nimepata Jumatano. Bwawa la mtaani kwangu lina kozi ya watu wazima Jumamosi asubuhi, nimejiandikisha.

Beseni nimejaribu jana. Mara ya kwanza nilifika tatu, nikatoka nakohoa. Leo nimefika saba, mwenzangu wa nyumba akafungua mlango wa bafuni akauliza kama niko salama.

Zege_Halilali
Saba Kimalta wanasemaje vile?