Fundi kalifunga banda la pareto la babu kwa saruji, sasa kuta zinatoka jasho

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Hapa Mufindi babu yetu alituachia banda la kukaushia pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Kuta za tofali za udongo zisizochomwa, unene karibu sentimita 45, sakafu ya mawe, na juu kabisa matundu ya kutolea moshi na unyevu. Maua yalikaushwa humo kwa moto wa kuni kabla ya kupelekwa Mafinga. Mvua zote hizi limezivumilia. Mimi na dada yangu tukaamua kuligeuza vyumba vitatu vya wageni, anayekuja kuona mashamba ya chai apate pa kuota moto jioni. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku mnaijua.

Kazi tukampa mkandarasi mmoja aliyetuonyesha picha za gesti alizojenga. Nilimwambia kwa mdomo wangu: ukuta wa udongo haupigwi plasta ya saruji. Akaitikia. Nikasafiri wiki 3 kumuuguza mama. Narudi, kabandua udongo wote wa zamani, kapiga saruji ndani na nje, kapaka rangi ya mafuta juu yake, na matundu ya babu kayaziba eti baridi isiingie!

Udongo unavuta maji kutoka chini na kuyaachia hewani. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanabaki humo humo, tofali linarudi kuwa tope. Chumba cha pili, ukigonga ukuta karibu na kitanda unalia kama debe tupu. Nilibonyeza kwa dole gumba, kikaanguka kipande cha plasta kikubwa kama sinia, nyuma yake kimeng'ang'aniwa na udongo wa babu, umelowa. Magodoro mapya yameota ukungu upande wa chini. Mgeni wetu wa kwanza alikohoa usiku kucha, asubuhi tukamrudishia hela yake. Aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau.

Na mlango! Ule wa mninga kaung'oa, hasemi umekwenda wapi. Kaweka wa paini mbichi, umesinyaa hadi kidole kinapita pembeni. Wilaya yenye msitu wa Sao Hill, mtu anakosaje mbao kavu?

Nikimpigia anajibu kwamba nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Si kweli. Boma la Wajerumani pale Iringa mjini ni la mwaka 1900, likakarabatiwa, na tangu 2016 ni makumbusho. Nendeni mkalione. Banda letu halijaharibiwa na uzee, limeharibiwa na saruji yake.

Malipo ya mwisho simpi mpaka plasta yote itoke, matundu yafunguliwe na mlango wa babu urudi. Mwenye fundi anayejua kweli kupiga udongo na chokaa, awe Iringa, Njombe au hata Mbeya, anisaidie haraka. Mvua zinaanza Novemba, na ukuta wa nyuma umeshaanza kufanya tumbo.