Pasta ya kujaza kwa viporo: donge la mayai, donge la maji, manda za kununua au makombe ya kuoka?

Kiporo_Hakitupwi
Wakuu, salaam. Friji yangu ina viporo vitatu vya jana: nyama ya ng'ombe iliyookwa, kuku wa mchuzi mzito, na boga lililookwa. Kupasha na kula tena najua. Safari hii nataka vigeuke pasta ya kujaza. Nimechambua njia zikabaki nne. Kukanda donge la unga na mayai. Kukanda donge la unga na maji tu. Kununua manda zilizo tayari, zile za wonton au gyoza, vifurushi vidogo vya donge vya Kichina na Kijapani. Au kuchukua pasta kavu kubwa za umbo la kombe, kuzichemsha, kuzijaza na kuzioka. Kifimbo cha kusukumia ninacho, mashine ya pasta sina. Walaji ni wanne, na zitakazozidi ziende friza. Naomba mnisaidie kuoanisha: kiporo kipi kiende na njia ipi?

UngaNaYai
Kwa nyama iliyookwa usihangaike, donge la mayai. Kule Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, agnolotti, pasta zao ndogo za kujaza, kwa desturi hujazwa nyama za kuokwa zilizobaki, kwa hiyo unafuata njia iliyokwisha kanyagwa. Tengeneza zile ndogo, agnolotti del plin, ambazo hufungwa kwa kufinya kwa vidole.

Kipimo: gramu 100 za unga laini wa ngano kwa yai 1. Walaji wanne, gramu 300 na mayai 3. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe nyororo, lifunike, liache nusu saa. Hiyo nusu saa usiipunguze kama unatumia kifimbo. Gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, ikiwa imekazwa na ukandaji inalegea, na donge linaacha kurudi nyuma kila ukilisukuma. Sukuma kipande kimoja kimoja, vingine vikiwa vimefunikwa, mpaka ukiweka mkono chini ya karatasi ya donge uone kivuli chake. Ni kama milimita 1. Kumbuka kwamba ukingoni donge linalala juu ya donge, kwa hiyo unene unakuwa mara mbili; ukiacha nene, katikati itaiva na kingo zitabaki ngumu.

Kijazo: saga au katakata nyama iwe laini kabisa, changanya na mboga za majani zilizochemshwa na kukamuliwa sana, yai moja, jibini ngumu ya Parmigiano iliyokwaruzwa, na kungumanga kidogo. Weka nusu kijiko cha chai kila baada ya sentimita 2 kwenye mstari mmoja, kunja donge juu yake, finya kati ya kila kimoja na kingine, kisha kata. Na ile rojo iliyobaki kwenye trei ya nyama usiimwage! Ipashe na kipande cha siagi, ndiyo mchuzi wa pasta yenyewe.

Mama_Kifimbo
UngaNaYai amesema vizuri kuhusu nyama, lakini mwanangu Kiporo, wewe huna mashine. Donge la mayai kwa kifimbo linataka mikono yenye nguvu na meza kubwa. Mimi nalitetea donge la maji, na watu wanalidharau bila sababu.

Chukua gramu 300 za unga, chumvi kidogo, na gramu 150 hivi za maji ya moto sana. Koroga kwa mwiko kwanza, likipoa kidogo ndiyo uingize mikono. Maji ya moto huvimbisha wanga na kudhoofisha gluteni, kwa hiyo donge linakuwa laini, linasukumika kwa wepesi na halirudi nyuma. Kata duara kwa mdomo wa glasi, weka kijazo, kunja nusu mwezi, bana. Linavumilia kijazo chenye unyevu zaidi kidogo kuliko donge jembamba la mayai kwa sababu unaliacha nene zaidi, milimita 2 hivi, na bado ni laini mdomoni. Asiyekula mayai naye anapata sahani yake, mradi kijazo nacho kisiwe na yai.

Kisiwa cha Sardinia, Italia, wana pasta ziitwazo culurgiones: donge la semolina, unga wa ngano wa chengachenga, na maji, ndani viazi vilivyopondwa, jibini ya pecorino na mnanaa. Mshono wake husukwa mpaka ukafanana na suke la ngano. Wewe si lazima usuke. Ila ukiwa na viazi vilivyopondwa vya jana, hakuna kiporo kinachofaa zaidi: ni vikavu, vinashikana, na vinapokea ladha yoyote utakayovipa.

JikoDogo
Nitetee manda za kununua, kwa sababu si kila jioni mtu ana saa mbili. Kijazo kikiwa tayari, unapaka maji ukingoni, unafunga, unatia kwenye maji yanayochemka kwa upole, dakika 2 au 3 unaopoa kwa kijiko cha matundu. Ni unga na maji, za wonton mara nyingi na yai pia, kwa hiyo si jambo la ajabu.

Mipaka yake niseme wazi. Ni laini na telezi, hazina ule ukinzani wa donge la mayai unapotafuna, na mchuzi mzito unazielemea. Zinapendeza ndani ya supu nyepesi, au na siagi tu. Boga lako zitalibeba vizuri.

UngaNaYai
Kwa supu nakubaliana nawe, JikoDogo. Ila kwa boga hapana. Boga ni tamu na laini, likivikwa kitu laini tena kila kitu kinakuwa uji mdomoni. Huko Italia, mji wa Mantova wana pasta za tortelli za boga na mji wa Ferrara wana cappellacci, zote kwa donge la mayai, na sababu unaionja mara moja: donge lina ukakamavu unaosimama kinyume na ulaini wa ndani. Wa Mantova huongeza amaretti zilizopondwa, vile vibiskuti vya lozi, pamoja na mostarda, matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari na haradali. Nyumbani, jibini, kungumanga na chenga za mkate vinatosha. Juu yake siagi iliyoyeyushwa na majani ya seji.

Tanuri180
Kuku wa mchuzi aende kwenye makombe, na sitazunguka. Vijazo vyenye vipande vinavyoonekana havifai kufungwa ndani ya karatasi ya milimita 1. Mfupa mdogo au kipande cha karoti kitatoboa. Kombe halina mshono, kwa hiyo hakuna cha kupasuka.

Chemsha conchiglioni, ndiyo makombe hayo, dakika 2 au 3 pungufu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zitamalizia kuiva tanurini. Zimwagie maji baridi ili uweze kuzishika, zipake mafuta kidogo zisigandane. Changanya kuku aliyechambuliwa na ricotta, jibini laini mbichi, na vijiko viwili vitatu vya mchuzi wake, jaza. Tandaza mchuzi uliobaki chini ya bakuli la kuokea, ukiulegeza kwa maji au maziwa, panga makombe, nyunyiza jibini, funika kwa foili. Nyuzi 180, dakika 20, kisha fungua dakika 10 jibini ipate rangi. Mchuzi ambao kwenye ravioli, pasta za kufungwa, ni adui, hapa ndio unaoiokoa sahani isikauke.

Kiporo_Hakitupwi
Asanteni sana. Tanuri180, umenishawishi kuhusu makombe. Lakini niulize: nikitaka huyo kuku aingie kwenye ravioli kwa lazima, mchuzi nautoaje? Na nitajuaje kwamba kijazo kimekauka vya kutosha?

Mama_Kifimbo
Mtoe kuku kwenye mchuzi, mweke kwenye chujio nusu saa. Mchuzi wenyewe uchemshe bila mfuniko mpaka upungue na kuwa mzito sana, ndiyo ladha yako hiyo, usiitupe. Kuku mkate laini, ondoa ngozi na kila kimfupa, rudisha kijiko kimoja kimoja cha ule mchuzi mzito, funga kwa chenga za mkate au jibini ngumu iliyokwaruzwa. Ricotta ukiitumia, nayo ichujwe kwanza. Ricotta yenye maji imeharibu pasta nyingi kuliko mchuzi.

Kipimo changu: weka kijiko cha kijazo kwenye sahani kavu, kiache dakika 10. Kikiwa kimezungukwa na maji, bado. Sahani ikiwa kavu na kijazo kimesimama, endelea. Boga nalo vivyo hivyo, na likiwa bado lina maji lirudishe tanurini kwenye trei pana, au likaange bila mafuta ukiligeuza mpaka liache kutoa mvuke mwingi.

Friji_Safi
Naingilia kati kwa sababu jambo hili halijaguswa na lina uzito kuliko umbo la pasta. Kiporo kiwe kiliingia friji ndani ya saa 2 baada ya kupikwa, kikakaa chini ya nyuzi 5, na kitumike ndani ya siku 3 au 4. Vya jana viko salama kama vilihifadhiwa hivyo. Kilichokaa mezani usiku kucha, tupa. Kwa wali hasa, msidhani kuchemsha kutausafisha: bakteria Bacillus cereus huacha sumu ambayo haiharibiwi na maji yanayochemka.

Kijazo kitumike kikiwa baridi. Cha moto kinatoa mvuke, donge linalowa, mshono unaachia. Ila kwa kuwa kilikuwa baridi, hakikisha katikati kinafika nyuzi 74 wakati wa kupika. Zile plin ndogo zinafika haraka. Nusu mwezi kubwa na makombe, pima au kata moja uone kama inatoa mvuke katikati.

Kuhusu friza: msizipange mbichi kwenye friji mpaka kesho, unyevu utapenya na zitanasa kwenye sahani. Zipange kwenye trei iliyonyunyizwa semolina, zisigusane, zigandishe zikakamae, kisha zitie mfukoni. Siku ya kupika zitoke friza moja kwa moja hadi kwenye maji yanayochemka. Ukiziyeyusha kwanza zinakuwa donge moja. Ongeza dakika moja au mbili.

JikoDogo
Ahsante Friji_Safi. Niongeze kwamba manda za kununua hazipendi friza ya muda mrefu, kingo hukauka na kupasuka. Ukizitumia, upike siku hiyohiyo.

Pishi_la_Pili
Mimi nilitaka kupendekeza tortellini kwa hiyo nyama. Umbo zuri, na watoto wanazipenda.

UngaNaYai
Ndugu Pishi, umbo ni zuri kweli, lakini kwa viporo silishauri. Kijazo cha tortellini cha Bologna kina utaratibu wake, na mwaka 1974 kilisajiliwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo: mnofu wa nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), mortadella (soseji kubwa ya nguruwe), Parmigiano, yai na kungumanga. Viungo hivyo hununuliwa kwa makusudi. Pia kila moja hukunjwa kivyake kidoleni, na donge la kifimbo hukauka ukingoni kabla hujafika nusu ya kazi. Plin unazifinya mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu mmoja jikoni, tofauti hiyo ni kubwa.

Kiporo_Hakitupwi
Basi mpango wangu: nyama iende plin kwa donge la mayai, kuku makombe, boga nalo donge la mayai lakini kwa nusu mwezi kubwa, maana sitaki kusukuma madonge mawili tofauti siku moja. Mama Kifimbo, donge lako la maji nimelitunzia viazi.

Mama_Kifimbo
Vizuri, mwanangu. Nusu mwezi uzibane ukianzia karibu na kijazo kuelekea ukingoni, hewa itoke yote. Hewa iliyobaki ndani hutanuka ikipata moto na kuufungua mshono. Maji yawe mengi, chumvi gramu 10 kwa lita, na pasta zikiingia punguza moto yasiruke ruke. Kabla ya kujaza zote, chemsha moja tu na uionje. Kiporo kilikolea chumvi jana, lakini kikishavikwa donge ladha yake hufifia, na huo ndio wakati wa kuongeza chumvi au jibini kwenye kijazo.